Ziwa Ambalo Sikuliona

Hotuba kwa wapanda milima wa Nairobi, wiki chache kabla ya safari ya Mlima Bisoke nchini Rwanda

Hamjambo, wapanda milima. Wale mliosimama kule nyuma, viti vipo huku mbele, msiogope, hapa hakuna anayeulizwa swali. Chai iko tayari, lakini nimeambiwa nisiwaruhusu muinuke kabla sijamaliza, kwa hiyo chai yenu imo mikononi mwangu.

Mwenyekiti amenitambulisha kuwa mtu aliyepanda Bisoke. Naomba nimsahihishe kwa heshima zote. Nimepanda Bisoke mpaka mahali fulani. Kutoka mahali hapo zilikuwa zimebaki kama mita 150 za kwenda juu, kisha ukingo wa kreta, kisha ziwa. Ziwa hilo nimeliona kwenye simu za wenzangu. Mkinisikia nikilisifu leo, jueni nasifu picha.

Niliposema hivyo kwenye kamati, mmoja wetu aliuliza kwa nini basi asitafutwe mtu aliyefika. Ni swali la haki. Nilimjibu kwamba aliyefika atawaeleza habari za ziwa, na ziwa halikumdhuru mtu yeyote wa kikundi chetu. Mimi nataka kuzungumza habari za mvua.

Wengi wenu mmeanzia Ngong, mkaenda Longonot. Longonot ni volkano, ndiyo, mita 2,776, lakini ni volkano ya vumbi: unarudi nyumbani ukipiga chafya. Waliofika Elephant Hill kule Aberdare wanajua kidogo maana ya mianzi na tope. Bisoke ni kama mtu aliyechukua lile tope la Aberdare, akaliongezea mwinuko, akalimwagilia maji kila alasiri, akapanda thabai, yale majani yanayochoma, pembeni mwa njia ili ukiteleza upate cha kushika.

Mlima wenyewe uko kwenye safu ya Virunga, kwenye kona ambapo Rwanda, Uganda na Kongo zinakutana. Volkano za safu hiyo ni nane. Bisoke una mita 3,711, na mpaka wa Rwanda na Kongo unapita huko huko juu. Mara ya mwisho ulitema moto mwaka 1957, tena si kileleni, ni kwenye tundu dogo lililofunguka mbali, upande wa kaskazini. Wenye hasira mpaka leo ni jirani zake wawili wa upande wa Kongo, Nyamulagira na Nyiragongo. Huyo Nyiragongo ndiye aliyepeleka lava ndani ya mji wa Goma Januari 2002, akarudi tena Mei 2021. Kwa hiyo mama zenu wakiwauliza kama mnakwenda kupanda mlima unaowaka, waambieni hapana, mnakwenda kwa yule aliyelala.

Nayapenda sana majina ya kule. Sabyinyo ni mwenye meno, na ukiutazama kutoka mbali vilele vyake vimeachana kama meno ya babu. Karisimbi, mrefu kuliko wote, mita 4,507, jina lake wanalihusisha na simbi, zile kauri nyeupe za pwani yetu, kwa sababu kuna asubuhi kilele huamka cheupe. Hebu fikirini: kigamba kimetoka Bahari ya Hindi, kimepita mkono kwa mkono kama pesa, mpaka kikawa jina la mlima ambao haujawahi kuiona bahari. Na wazee wetu waliosema milima haikutani, hawakumpata Dian Fossey. Mwaka 1967 alijenga kituo chake cha kuchunguza gorila kwenye bonde lililo katikati ya Karisimbi na Visoke (ndivyo alivyoliandika), akachukua kipande cha jina hili na kipande cha jina lile, akakiita Karisoke. Milima ikakutana.

Sasa mvua. Magharibi kuna msitu wa Kongo, na kusini-magharibi kuna Ziwa Kivu. Hewa yenye unyevu ikigonga milima ile haina pa kwenda ila juu, na ikipanda inapoa, ikipoa inakuwa wingu. Saa moja asubuhi unaweza kukiona kilele kimekaa wazi, kizuri, mpaka unaona watu wanakisingizia. Saa nne kimevaa kofia. Saa saba kofia imekuwa blanketi. Wanyarwanda wana misimu miwili ya mvua: itumba, ambayo ndiyo masika yao, na umuhindo, ambao ni vuli. Itumba hukolea Machi mpaka Mei. Sisi tulikwenda Aprili. Mnajua kwa nini? Kwa sababu Pasaka ilikuwa Aprili na watu walikuwa na likizo. Huo ndio utafiti wa hali ya hewa tulioufanya.

Tena mimi ndiye niliyeongoza. Mimi ndiye niliyewaambia watu, kwenye ukumbi kama huu, kwamba mvua ni mvua, aliyelowa Aberdare amemaliza masomo. Wengine mliokuwepo mnakumbuka. Naona mtu anatikisa kichwa pale.

Kuhusu kufunga mizigo nitasema moja tu, kwa sababu tulichekesha watu. Wapanda milima wa hapa tuna ujanja wetu wa zamani: unatandika mfuko wa plastiki ndani ya mkoba, nguo zako zinabaki kavu. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, miaka tisa kabla yetu. Tulifika tukiwa na mifuko ya akiba iliyofichwa tangu enzi zile, ikatolewa mmoja mmoja mbele ya watu kama bangi. Nunueni mfuko wa turubai usiopitisha maji, ule unaokunjwa mdomo mara tatu. Ukikosa, ndoo ndogo yenye kifuniko inafaa, msicheke, nimeona mtu akiibeba. Kitambulisho cha taifa kinatosha mpakani kwa sisi Wakenya, lakini chukueni pasi kama mnayo.

Basi. Tulikuwa tisa. Saa moja asubuhi tukawa Kinigi, kwenye makao ya Hifadhi ya Taifa ya Volkano, mvua bado haijaanza, watu wanapiga picha na fimbo za mianzi. Tukapewa mwongozaji, askari wenye bunduki kwa ajili ya nyati, na wapagazi. Ukipanda kutoka hapo unapita kwanza mashamba ya viazi na pareto. Pareto ile ilinigusa, kwa sababu mimi nimekulia Kinangop na nimeichuma. Kule Rwanda ilikatiwa msitu, miaka ya 1960, sehemu kubwa tu ya hifadhi. Halafu unafika kwenye ukuta wa mawe, mrefu, unaokwenda mpaka usipoona mwisho, uliojengwa kuwazuia nyati wasishuke kula viazi. Unaruka ukuta na hapo hapo dunia inabadilika. Mianzi inafunga juu ya kichwa. Mwanga unakuwa wa kijani. Na nyayo za nyati zimo njiani, kila moja imejaa maji kama bakuli.

Mvua ilianza tukiwa ndani ya mianzi. Haikuja kwa kishindo. Ilianza kama mtu anayechuja chai.

Tope la pale lina tabia yake. Ni udongo mweusi wa volkano uliochanganyika na mizizi, na linanyonya. Unaweka mguu, unazama mpaka katikati ya muundi, unauvuta, mguu unakuja, buti linabaki. Wapagazi wote walivaa gambuti, sisi tulivaa mabuti ya bei ambayo sitaitaja mbele ya wake zetu, na ndani ya nusu saa ilijulikana nani alitupa pesa. Halafu thabai. Wenyeji huziita igisura. Si zile tunazochemsha tukaweka kwenye mukimo, hizi zimepanda hadi kifuani na zinachoma kupitia suruali. Ukiteleza mkono unatafuta kitu wenyewe, na kitu cha karibu ni thabai. Chukueni glavu za mjengo, zile nzito, za duka la vifaa vya ujenzi. Hiyo ndiyo pesa ndogo yenye faida kubwa kuliko zote katika safari hii.

Mpagazi wangu alikuwa mtu wa makamo, wenzake walimwita Muzehe, na mkisikia vizuri hilo ni neno letu limevuka mpaka. Aliongea Kiswahili cha kujifunza, taratibu, akichagua. Kiswahili ni lugha rasmi huko tangu 2017, lakini chake kilikuwa cha zamani zaidi ya hapo. Alibeba mkoba wangu. Juu alivaa ovaroli, na ndani ya ovaroli sweta ya kijivu. Ikumbukeni hiyo sweta.

Katika kikundi chetu kulikuwa na dada mmoja, nitamwita Mhasibu kwa kuwa ndiyo kazi yake, na ameniruhusu niyaseme haya ilmradi nisimtaje jina. Mhasibu ni mtu wa maneno. Tangu Kampala mpaka Kigali basi zima lilikuwa likimcheka. Alivaa hudi ya pamba chini ya koti la mvua, na suruali ya jinzi. Nilimwona asubuhi nikanyamaza. Sikutaka kumwaibisha.

Sasa niwaeleze kidogo habari za baridi, kwa sababu hapa ndipo nilipokuwa mjinga. Ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa kama nyuzi sita. Ukiuacha mji wa Musanze kukiwa na nyuzi 20, kileleni jitayarishe kwa 8 hivi. Nane si kitu. Julai hapa Nairobi tunaamkia kumi na kuna watu wanapanda matatu na shati. Ndivyo nilivyofikiri mimi. Lakini sisi Julai tunapanda matatu tukiwa wakavu. Maji huondoa joto mwilini mara 25 hivi kuliko hewa tulivu. Pamba ikilowa inayashika maji yale na kuyabandika kwenye ngozi, na upepo ukija juu yake, umekwisha. Wala usidhani koti la mvua limekuokoa. Ukipanda mteremko ule unatoka jasho, jasho linakosa njia, unalowa kutoka ndani. Mhasibu alikuwa amelowa kotekote na koti lake lilikuwa zima.

Kuna mahali pa kupumzika, kwenye njia panda inayokwenda kwa kaburi la Fossey. Tulisimama hapo kuwangojea waliochelewa. Dakika ishirini. Mtu aliyelowa akisimama dakika ishirini anapoa kama uji kwenye sinia. Watu wanakula, wanalalamika, wanalinganisha michomo ya thabai. Mhasibu ameketi kwenye gogo na pakiti ya biskuti, anaigeuza. Anaigeuza tu. Mimi nikadhani anasoma maandishi. Muzehe alikuja akachutama mbele yake, akaitazama mikono yake, akaichukua ile pakiti, akaifungua, akamrudishia. Kisha akanijia mimi akasema, "Vidole vyake vimekataa."

Nikamjibu, "Akitembea atapata joto."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Si jibu la kijinga lenyewe, maana mtu aliyepoa kidogo kweli hupata joto akitembea, akiwa amekula, na akiwa amevaa kitu kikavu. Mimi sikuhakikisha kula wala kuvaa. Nilitaka ziwa.

Tukaendelea kupanda. Mianzi ikaisha, ikaja miti mikubwa ya hagenia iliyopinda, kila tawi linaning'iniza ndevu za kijani zinazodondosha maji. Baadaye lobelia, zile tunazozijua kutoka Mlima Kenya, zimesimama kwenye ukungu kama watu wanaongoja basi. Ngurumo ikasikika upande wa Karisimbi. Askari wakatazamana. Sina maneno mengi kuhusu radi ila tukio moja: Februari 2020, katika hifadhi ya Mgahinga upande wa Uganda, gorila wanne wa familia moja walikutwa wamekufa, na dalili zote zilionyesha ni radi. Wale ni wenyeji. Wamezaliwa kwenye milima hiyo. Mkisikia ngurumo mko kwenye ukingo wa kreta, shukeni kwenye ukingo, picha mtapiga siku nyingine. Na kwa kuwa nimewataja gorila: mvua ikiwa kubwa, wao hawaendi popote. Hukaa wamejikunyata, mikono imekunjwa kifuani, nyuso zimenuna, wanangoja ipite. Sisi ndio wanyama pekee tuliokuwa tukipanda.

Yapata mita 3,550 hivi, kwa saa ya mkononi ya mwenzetu, Mhasibu alianguka. Kuanguka si kitu, sote tulikuwa tumeanguka. Ila yeye aliketi pale pale kwenye tope akiwa ametulia, na nikaona jambo likanifurahisha: ameacha kutetemeka. Nikamwinamia nikamuuliza, "Unajisikiaje?"

Akanijibu, "Nishatuma."

Nikauliza tena. "Nishatuma," akasema, kwa hasira kidogo, kama mtu anayedaiwa pesa. "Angalia simu."

Kuacha kutetemeka hakukuwa nafuu. Kutetemeka ni injini ya mwili, na injini yake ilikuwa imeishiwa mafuta. Madaktari huita hali hii haipothemia, joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35, na haihitaji theluji hata chembe. Mpangilio wake ni huu, mjifunze kwa kumtazama jirani, maana mwenyewe hajijui: kwanza anatetemeka na kunyamaza, halafu vidole vinakataa, halafu ulimi unakuwa mzito na miguu inayumba kama ya mlevi, halafu anaongea mambo yasiyohusika. Akili ndiyo inayopoa pamoja na mwili, kwa hiyo ukimuuliza kama yuko sawa atakuambia yuko sawa. Usimuulize. Mpe zipu afunge.

Muzehe alikuwa amekwishatua mkoba. Hakuniuliza. "Imbeho imemwingia," akasema, yaani baridi. "Huyu anashuka."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikauliza, "Mpaka juu kumebaki dakika ngapi?"

"Arobaini," akasema. "Zako."

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Tulimtoa kwenye upepo nyuma ya jabali. Dada wawili walishika poncho kuwa pazia, wakamvua zile pamba zote. Muzehe alifungua ovaroli yake, akaivua sweta ya kijivu iliyokuwa kavu kwa joto la mwili wake, akaipitisha juu ya pazia bila kutazama. Kofia ya sufu ya mwingine, blanketi la karatasi ya fedha la mwongozaji, koti la mvua juu. Tangawizi yenye sukari nyingi kutoka kwenye thamosi, kwa midomo midogo, baada ya kuhakikisha anameza sawasawa. Ndugu yetu mmoja alitoa kichupa cha kitu kikali akisema kitampasha. Kitampoza. Pombe hupeleka damu kwenye ngozi na joto likatoka nalo. Wala msimsugue mikono na miguu kama mnavyoona watu wakifanya, mnairudisha damu baridi moyoni. Mfunikeni, mpeni kitamu, mkumbatieni, basi.

Alianza kutetemeka tena baada ya robo saa, na sijawahi kufurahi hivyo kuona mtu akitetemeka.

Kikundi kikagawanyika. Mwongozaji akawachukua waliokuwa na nguvu akaendelea nao, na mimi, Mhasibu, Muzehe na askari mmoja tukashuka. Nataka niwe mkweli: sikujitolea. Nilikuwa kiongozi, sikuwa na njia. Hatua za kwanza za kushuka nilikuwa nikigeuka nyuma kuutazama ukungu.

Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Tulishuka kwa muda wa saa tatu. Tope lilelile sasa linakutaka uende kwa makalio. Muzehe alikuwa mbele, amemshika Mhasibu mkono, akipiga kila jiwe kwa fimbo kabla hajamruhusu kulikanyaga, akimuuliza majina ya watoto wa dada zake ili amsikie akiongea. Mimi nyuma. Tulipofika karibu na ule ukuta wa mawe mvua ikapungua, nikatembea sambamba naye kwa mara ya kwanza. Ndipo nikaona midomo yake. Ilikuwa ya majivu. Ovaroli imegandamana na mbavu, ndani hana kitu.

Nikamwambia asimame. Nikamwambia ageuke. Nikafungua mkoba wangu mgongoni mwake, nikakunjua ule mfuko usiopitisha maji nilioununua Kigali kwa pesa nyingi, na ndani yake kulikuwa na sweta yangu ya ziada. Kavu kabisa. Bado ina harufu ya sabuni. Ilikuwa imepanda Bisoke na kushuka mgongoni mwa mtu aliyevua yake.

Nilimuuliza kwa nini hakuitoa, hata kwa Mhasibu, kule juu. Alishangaa. "Ni mkoba wako," alisema.

Mimi nilikuwa nimeisahau. Yeye hakuwa amesahau kwamba hairuhusiwi kufungua mzigo wa mgeni.

Niliporudi Nairobi nilisoma habari za milima ile, labda kutafuta mtu mjinga kuliko mimi. Nikakutana na msafara wa Wajerumani wa 1908. Mwezi Februari mwaka huo mwanajiolojia wao, Egon Kirschstein, alikuwa juu Karisimbi na wapagazi wake, hali ya hewa ikageuka, ikaja mvua ya mawe na theluji. Wapagazi 20 walikufa kwa baridi. Ishirini. Walikuwa watu wa nguo nyepesi, wamebeba mizigo ya mtu mwingine. Yeye alipona, na jina lake ndilo ninaloweza kuwatajia leo.

Nilipolisoma lile nilitaka kujua jambo moja: ndani ya ile mizigo kulikuwa na mablanketi mangapi?

Kwa hiyo kamati imekubali mambo mawili, na ndiyo niliyoitiwa kuyasema. La kwanza, saa ya kugeuka. Saa saba mchana popote mlipo, hata kama mnausikia upepo wa kreta masikioni, mnageuka. Na kabla ya saa saba, mpagazi au askari akisema mtu fulani anashuka, anashuka. Hatupigi kura. Najua kuna watu watanuna. Nimenuna mimi mwenyewe, tena kwa muda mrefu, kwa sababu wale walioendelea walipofika ukingoni hawakuona kitu kwa nusu saa, halafu wingu likapasuka kwa muda wa kupiga picha mbili. Ziwa lote, la kijani, duara, kuta zimelizunguka. Picha ya pili tayari imeanza kufifia pembeni. Wamezifanya za wasifu wao kwenye simu mpaka leo, kila wakinitumia ujumbe naliona.

La pili ni makoti. Tutakuwa na wapagazi wengi safari hii kwa kuwa tuko wengi. Tunakwenda Gikomba, kwenye soko la mitumba, Jumamosi ya kesho kutwa, kabla jua halijachomoza, wakati marobota yanafunguliwa, kutafuta sweta za sufu na koti za mvua nzito. Si za pamba, tafadhali, hata kama imeandikwa jina la chuo kikuu cha Marekani. Kila mtu analeta mbili: moja anavaa, moja inavaliwa na aliyembebea mzigo, tangu pale chini Kinigi, si baada ya mvua kuanza. Na ukiweka nguo ya akiba kwenye mkoba, mwambie anayeubeba iko wapi, na umwambie kwa mdomo wako kwamba anaruhusiwa kuufungua. Asiposikia hivyo kutoka kwako hataufungua. Nimewaeleza.

Kuna aliyeniuliza nilipoingia kama kule kuna mtandao wa simu. Kwa vipande. Mwingine aliuliza kama asiyependa tope anaweza kubaki Musanze. Anaweza, na kuna viazi vya kukaanga vizuri sana.

Haya, chai. Pesa za basi analipwa Mhasibu, yuko pale mezani karibu na mlango, na ndiyo, jina lake ni la tatu kwenye orodha ya safari, alilijaza kabla yangu. Ukimlipa kwa simu usimwambie "nishatuma" ukaondoka. Subiri aangalie.